Kijiko tengeneza, ndoana nunua

Zamani tukirambaza huku Tanga, yaani kuburuta mshipi nyuma ya chombo kinachotembea, tulikuwa tunachana mfuko wa rambo, tunaufunga juu ya ndoana uwe chambo, na samaki kama kolekole anakuja mwenyewe. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019, imebidi tuumize kichwa. Mimi nilianza na nyuzi za mkonge, kwa kuwa kwetu ziko tele. Usijisumbue. Zikilowa zinashikamana, unakuwa kama unaburuta brashi ya chokaa. Nyuzi za kiroba zilizochambuliwa zinacheza majini vizuri, na manyoya ya shingo ya jogoo mweupe yanacheza zaidi.

Ila kilichonilipa kuliko vyote ni kijiko. Chukua kile cha chuma kisichoshika kutu. Kata mpini, piga tupa ukingo mpaka usikwaruze kidole, kisha toboa tundu moja kila ncha. Chuma chake ni kigumu, kwa hiyo gonga alama kwa msumari kwanza ili keekee isiteleze, tia tone la mafuta na usiwe na haraka. Mimi nilivunja keekee mbili za jirani kabla sijaelewa hilo. Ndoana ikae upande mpana, mshipi upande mwembamba.

Usikipeleke baharini bado. Kiburute kwanza kwenye maji ya kina kifupi huku unatembea, ukitazame. Kinatakiwa kiyumbe kushoto na kulia kama dagaa aliyeumia. Kikizunguka kama feni, kigonge kwa nyundo kipungue mbonyeo, la sivyo mshipi utasokotana mpaka uukate kwa kisu. Nina kijiko kimoja kimekwaruzika, hakitamaniki, lakini kinayumba, na hicho ndicho ninachotoka nacho.

Kwa chubwi, ule uzito wa kuzamisha mshipi, wengine wanayeyusha risasi ya betri za gari. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327, jiko la mkaa linafika hapo, ndiyo maana kazi inaonekana rahisi. Mimi nimeacha. Mvuke na vumbi lake ni sumu, watoto ndio wanaoumia zaidi, na kalibu ikiwa na unyevu kidogo tu risasi inakurukia usoni. Plagi kuukuu za pikipiki zinazama vilevile, fundi anakupa bure, na ikinasa mwambani huna cha kulilia.

Ndoana na waya wa mbele, hapo toa hela. Nguru ana meno, nailoni tupu anaikata kama uzi wa cherehani, kwa hiyo weka waya kama sentimita 30 kabla ya chambo. Na pete ya kushikia ndoana, na ile ya mbele inayounga kijiko na waya, ziwe za dukani pia. Kaskazi moja, nje ya Tongoni, nilibana matumizi nikakunja pete zote mbili kwa waya wa kufungia nondo. Nguru akashika. Baba yuko kwenye usukani anapiga kelele, "Legeza! Mlegezee!" Nikalegeza, nikavuta, nikalegeza tena, mpaka nikaona ubavu wake unang'aa chini ya ngalawa. Halafu mshipi ukawa mwepesi. Pete ya mbele ilikuwa imenyooka kama msumari, na kijiko kimekwenda naye.

Baba hakunigombeza. Alitazama maji, akageuza tanga, akasema, "Kijiko cha mama yako hicho. Utakwenda kumweleza mwenyewe."