Muulize Mjomba: Shakespeare nimsome au nikamtazame?

Jamani wiki hii nimepata barua tatu za watu wasiojuana kabisa na wote wanauliza kitu kilekile kila mtu kwa mlango wake, nikaona nisizitenganishe. Wa mapenzi na wa mikopo ya kausha damu mnivumilie mpaka toleo lijalo.

Shikamoo Mjomba. Niko chuo mwaka wa kwanza, nasoma fasihi. Tumepewa Makbeth, nimejitahidi lakini nikifika ukurasa wa kumi na kitu usingizi unanibeba, majina mengi, mara bwana wa huku mara bwana wa kule, nani ni nani sijui. Rumeti akaniambia acha kujitesa, nunua bando uangalie muvi. Nikaangalia, nikaelewa, na usiku ule nikalala taa inawaka. Sasa kwenye semina nikaanza kuchambua yale mazishi ya mtoto pale mwanzoni, darasa zima likaangua kicheko manake kitabuni hayapo, na mkufunzi akasema kuangalia muvi ni udanganyifu, tamthilia inasomwa. Hivi kweli nimekosea? — Mpenda Usingizi, Dodoma

Marahaba mpwa wangu, na pole kwa kuchekwa. Hujakosea, au tuseme umekosea nusu, na nusu yenyewe sio ile aliyoitaja mkufunzi.

Hiyo Makbeth Shakespeare aliiandika kama mwaka 1606 hivi, ila ilichapwa kwa mara ya kwanza 1623, na mwenyewe alishakufa tangu 1616. Piga hesabu. Miaka kama kumi na saba, mtu yeyote aliyeijua Makbeth aliijua kwa macho na masikio, hakuna aliyeweza kuingia duka la vitabu pale London akasema nipe kopi moja. Watu walikuwa wanaenda Globe, ukumbi wa kundi la Shakespeare, mchana kweupe, katikati hauna paa, peni moja unasimama chini uwanjani, ukitaka kukaa unaongeza hela, humo ndani watu wanafika hata 3,000, huku njugu zinatafunwa na bia inapita, na wengi wao kusoma hawajui. Na waliielewa Makbeth bila noti za chini ya ukurasa. Kwa hiyo anayesema tamthilia njia yake ni kusoma tu, mwambie hivyo kwa upole, maksi zake bado unazihitaji.

Sasa nusu uliyokosea. Nadhani umeangalia ile muvi ya 2015, inayoanza na Makbeth na mkewe wanamzika mtoto. Mazishi hayo tafuta kitabuni mpaka kuche, hayapo. Kilichopo ni mke wa Makbeth kusema mahali kwamba yeye aliwahi kunyonyesha anajua mtoto akinyonya inakuwaje, basi, sentensi moja anaiacha hewani anaendelea na mipango yake ya kuua. Huyo mtoto yuko wapi? Shakespeare kanyamaza. Mtengeneza muvi akaichukua ile sentensi akaifanyia msiba mzima, na ni haki yake, ndo kazi yake, ila wewe ukachukua jibu la mtu mmoja ukadhani ndo swali. Ungerudi kitabuni baada ya muvi ungeikuta ile sentensi na ungewaambia wanasemina yale mazishi yametokea wapi, na hakuna ambaye angecheka.

Kwa hiyo tazama kwanza, soma baadaye, mimi naona huo ndo utaratibu, na ukisoma soma kwa sauti, usisome kama unasoma gazeti. Nenda kafungue pale mfalme ameshauawa, mume na mke wako na damu mikononi wananong'onezana, alafu mlango unagongwa. Kwenye karatasi ni neno tu la maelekezo kwamba kuna mtu anabisha, jicho linaliruka. Ukumbini sasa, ngo ngo ngo, kimya, ngo ngo ngo, wale hawajanawa na anayegonga haondoki. Mwambie huyo rumeti wako agonge chaga za kitanda kila ukifika pale palipoandikwa kubisha. Usingizi wako tuone utakaa wapi.

Mhariri, sijui nani amwamkie nani hapa manake mimi ni mwalimu mstaafu na wewe unajiita Mjomba. Nimesoma Juliasi Kaizari, lile la Shakespeare alilotafsiri Mwalimu Nyerere, tangu kijana, mara ngapi siwezi kuhesabu. Brutus ninaye kichwani, sauti yake naijua. Mwaka juzi mjukuu wangu akanipeleka kuona linachezwa. Kaizari kavaa suti na miwani nyeusi, mistari mingi wameitupa, yule Antony anapiga kelele kama mnadani. Nilirudi nyumbani kama mtu aliyeibiwa. Kuna haja gani ya kuigiza kitu ambacho kitabuni kimekamilika? — Mzee wa Ngamiani, Tanga

Shikamoo mzee wangu, naanza mimi tumalize hilo.

Mzee una wenzako, tena wakubwa. Kuna Mwingereza Charles Lamb, mwaka 1811 aliandika kwamba michezo ya Shakespeare ndo isiyofaa kuigizwa kuliko ya karibu mtu yeyote, na Mfalme Lear haswa haichezeki, ukiiona jukwaani utaona kizee kinayumbayumba na mkongojo, mabinti wamekitoa nje kwenye mvua, basi, lakini ukiisoma humwoni Lear bali unakuwa wewe ndo Lear. Maneno mazito. Ila kuna jambo: Lear iliyokuwa inachezwa zama za Lamb haikuwa ya Shakespeare. Bwana mmoja Nahum Tate aliiandika upya 1681, mzee anarudishiwa ufalme wake, binti yake Cordelia hafi, anaolewa, watu wanarudi nyumbani wamefurahi, na huo mwisho mtamu ulitawala majukwaa ya Uingereza miaka zaidi ya 140. Lamb mwenyewe alikuwa analijua hilo na alikuwa halipendi hata kidogo. Kwa hiyo sehemu ya hasira zake ni kama za kwako, alikuwa anataka pilau, mezani kaletewa wali wa nazi anaambiwa ni uleule.

Na kuhusu kukata mistari wala usiumie sana, Hamlet ina mistari karibu 4,000, ukiitema yote ni saa nne, watu wana daladala za kuwahi. Hata Romeo na Juliet mwanzoni kabisa inaahidi wasikilizaji saa mbili tu.

Lakini kwamba kitabuni kimekamilika, hapo mzee wangu nakukatalia na nitakupa mfano. Kuna mchezo wa Shakespeare unaitwa Measure for Measure. Isabella ni binti anayejiandaa kuwa mtawa, amepitia masaibu ya kutosha, na mwisho kabisa yule mtawala mkuu, ambaye muda wote alijifanya padri, anamwambia mbele za watu nipe mkono wako uwe wangu. Anarudia tena kwenye mistari ya mwisho. Isabella hajibu, sio kwamba anakataa wala kwamba anakubali, hana mstari kabisa, mchezo unaisha. Mimi nilivyosoma mara ya kwanza wala sikugundua, manake kimya hakiandikwi, unaposoma unamsoma anayeongea, yule asiyeongea anapotea tu kwenye ukurasa. Stejini hapotei. Amesimama pale, ana uso, ana mikono, na lazima mtu aamue mikono hiyo inafanya nini. Miaka na miaka waigizaji walimpa tu bwana mkono wakatoka wote, mpaka 1970 pale Stratford, mji alikozaliwa Shakespeare, mwongozaji John Barton akamwacha Isabella peke yake jukwaani wengine wote wametoka, hajasema ndiyo hajasema hapana, taa zinazima.

Sasa sisi watu wa pwani hii tunaijua vizuri. Mwari anaulizwa ndani, fulani bin fulani amekuposa umeridhia, ananyamaza, na kimya chake kinahesabika ameridhia, watu nje wanapiga vigelegele. Ni bibi gani wa Ngamiani hajawahi kukaa kwenye chumba kile akaangalia macho ya mwari na akajua ule unyamavu ni wa namna gani? Hilo ndo ukumbi unalolipa ambalo kitabu hakilipi.

Na mimi nina cha kwangu. Tulisoma Mabepari wa Venisi ya Shakespeare shuleni, ile ya mkopeshaji Shylock anayedai kipande cha nyama ya mwili wa mdeni wake, tulikuwa tunasomeshwa kwa zamu, mstari wako ukifika unasimama unatoa unakaa. Tukafika mahakamani, Bassanio, rafiki wa mdeni, anamuuliza Shylock mbona unanoa kisu kwa bidii hivyo, sentensi moja, mwenye zamu akasoma akakaa, tukaendelea. Mwisho wa mwaka tukaigiza. Aliyekuwa Shylock ni jamaa mmoja mpole, mtoto wa fundi viatu, akaja na kisu cha jikoni na miguuni kavaa katambuga, zile za matairi. Wenzake wanajibizana mahakamani, yeye kakaa chini, mguu juu ya goti, ananoa kisu kwenye lile tairi. Kwaruu. Kwaruu. Taratibu, anakiangalia kwa jicho moja, anaendelea. Hakumwambia mtu kama atafanya hivyo. Alikaa na ile kwaruu labda dakika tatu kabla ya swali, na Bassanio alipouliza mbona unanoa hivyo ilikuwa ndo swali la ukumbi mzima, mama mmoja nyuma akasema kwa sauti "ee na wewe umechelewa kuuliza". Nilikuwa nimeshaisoma ile sentensi mara kumi sikuwahi kusikia kisu. Na kumbe iko palepale, mwenzake Bassanio, Gratiano, anamwambia hunoi kwenye soli ya kiatu unanoa kwenye roho yako, kwa Kiingereza soli na roho zinatamkwa sawasawa ndo utani wenyewe, kwa Kiswahili utani unakufa ila kiatu kinabaki.

Na ili usiseme nakudharau kitabu mzee wangu. Shakespeare alipokufa nusu ya michezo yake ilikuwa haijawahi kuchapwa. Wenzake wawili wa kundi, John Heminges na Henry Condell, waigizaji hawa sio maprofesa, wakakusanya michezo 36 wakatoa lile buku kubwa la 1623, na mle mwanzoni wakawaambia watu msomeni, mrudie tena na tena. Ndani yake mna 18 ambayo bila wao leo tusingekuwa nayo, na kati ya hiyo kuna Juliasi Kaizari aliyoitafsiri Mwalimu 1963 akairudia 1969, kuna Makbeth na kuna Tufani alizotafsiri S. S. Mushi. Ukiongeza na Mabepari wa Venisi zinakuwa nne za Kiswahili, na kati yake ni Mabepari peke yake iliyokuwa imeshachapwa mwandishi akiwa hai. Yaani huyo Brutus uliyenaye kichwani miaka yote umeletewa na waigizaji, mzee. Yule kijana wa suti na miwani nyeusi msamehe.

Mjomba habari, mimi ni mwalimu huku Kakamega, shule ya wavulana. Nataka vijana wangu wa chama cha drama waigize sehemu ya Mabepari wa Venisi, lakini niko na vijana sitini na vitabu vinane, hakuna pesa ya mavazi wala mataa, na wavulana wanaona aibu kuwa yule mwanamke Portia. Nianzie wapi? — Mwalimu Vitabu Vinane

Mwalimu, uko karibu na Shakespeare kuliko unavyodhani. Waigizaji wake wenyewe hawakuwa na kitabu. Kunakili kwa mkono ni gharama na hawakutaka kundi jingine liibe mchezo, kwa hiyo kila mtu alikuwa anapewa karatasi yenye mistari yake tu, na kabla ya kila mstari maneno mawili matatu ya mwisho ya yule anayemtangulia, ili ajue zamu yake imefika. Hujui nani atayasema, hujui yatakuja baada ya dakika moja au kumi, lazima usikilize. Fanya hivyo. Chukua ile ya mahakamani tu, nakili kwa mkono, mpe kila mmoja kipande chake asionyeshe mwenzake, na mara ya kwanza wasijue kesi inaishaje. Aliye Shylock akiambiwa chukua nyama yako ila damu usimwage hata tone, acha akisikie hapohapo mbele za watu.

Portia wa kwanza alikuwa mvulana, wanawake hawakuwa wanapanda jukwaa la Uingereza wakati ule, na humo mahakamani Portia mwenyewe kajivika uwakili wa kiume, kwa hiyo kijana wako atacheza mwanamke anayejifanya mwanaume, aibu iko wapi. Mataa huhitaji, chezeni saa nane mchana. Mavazi pia sio lazima sana. Mwaka 2012 waigizaji wa kwetu walipeleka Wanawake wa Heri wa Winsa kwa Kiswahili pale Globe iliyojengwa upya London, Falstaff akiwa Mrisho Mpoto (naye wanamwita Mjomba, msituchanganye), na kilichobeba kazi ni midomo na miili.

Wale hamsini waliobaki bila mistari wawe watu wa Venisi waliokuja kusikiliza kesi, wagune, wazomee, wabishane. Katambuga mtafute mapema. Kisu weka rula.