Ukianza kazi ya zimamoto, andika malalamiko ya wakongwe

Wiki yako ya kwanza kituoni utakuta ubishi usioisha: gari lipi ni gari. Mmoja atalisifu lile kubwa lenye tangi la lita 6,000. Mwenzake atamjibu kwamba maji mengi yasiyofika kwenye moto hayazimi kitu, afadhali dogo la lita 2,000 linalopenya njia nyembamba. Wa tatu hataki kusikia habari za tangi, yeye shida yake ni pampu. Nilipokuwa mgeni niliamini mmoja wao lazima ana jibu, nikawa na daftari ninamoandika magari mazuri upande mmoja na mabaya upande mwingine. Miaka ilipita ndipo nikagundua kwamba naandika sivyo. Cha kuandika ni lalamiko. Mzimamoto akisema "hili gari silipendi", ujue kuna usiku lilimwangusha. Muulize usiku huo ulikuwaje, na hapo ndipo atakapoanza kukufundisha.

Angalia pia anakaa kiti gani. Dereva, ambaye mara nyingi ndiye mwendesha pampu, hulipima gari kwa breki, kwa geji zinazosomeka gizani na kwa vali zisizokaza. Mshika nozeli, yaani mdomo wa mpira unaotoa maji, hulipima kwa namna mpira wa maji unavyotoka kabatini: ukifuata mkono bila kukwama, gari zuri, ukitoka na fundo, gari baya, hata liwe limetoka kiwandani jana. Mtu wa uokoaji anataka vifaa vizito viwe usawa wa kiuno, kwa sababu ameshawahi kushusha mashine ya kilo ishirini kutoka juu ya kichwa huku amevaa glavu zilizolowa. Wote wanasema kweli. Ndiyo maana hawakubaliani.

Tuanze na maji, maana hapo ndipo wageni wengi hudanganyika. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Tangi la lita 3,000 likijaa ni tani tatu zinazotembea nyuma ya mgongo wako. Likiwa nusu, lina tabia mbaya kuliko likijaa, kwa sababu maji yana nafasi ya kucheza: ukikata kona yanakimbilia upande mmoja, ukifunga breki yanakuja mbele. Matangi huwekewa kuta za ndani zenye matundu ili kupunguza mchezo huo, lakini hazimalizi. Dereva mmoja aliyenilea kazini hakukubali kurudi kituoni na tangi nusu. Ama alilijaza kwenye haidranti ya karibu, yaani bomba la maji la zimamoto, ama alilimwaga. Sisi vijana tulimwona msumbufu, mpaka siku niliyopita kwenye kona ya mteremko, gari jingine, tangi nusu, nikahisi tairi za upande wangu zinakuwa nyepesi. Gari halikupinduka. Lakini tangu siku hiyo sijawahi kukaa ndani ya gari la zimamoto bila kufunga mkanda, na nakuomba mdogo wangu nawe usikae. Utashawishika kuvaa mtungi wa hewa au kufunga koti gari likiwa mwendoni, mkanda umening'inia. Malizia mavazi kabla gari halijaondoka, au subiri lisimame.

Sasa fanya hesabu ya tangi hilohilo. Nozeli ya mpira wa milimita 45 inaweza kutoa lita 400 hadi 500 kwa dakika. Lita 3,000 zinaisha ndani ya dakika sita hadi saba na nusu ukiachia mfululizo. Kwa hiyo swali la kwanza la mwendesha pampu ni maji mengine yako wapi, na analiuliza njiani, kabla hajaona moshi. Unapomsikia mkongwe akilalamika kwamba gari fulani "halina maji", mara nyingi hana ugomvi na tangi. Anakumbuka siku ambayo hakuna aliyetumwa kutafuta haidranti mpaka geji ya tangi ilipofika robo.

Kuvuta maji mtoni au kisimani kuna somo lake. Pampu haivuti maji kama watu wanavyodhani. Inatoa hewa kwenye mpira, kisha kani ya hewa ya nje ndiyo inayosukuma maji kupanda. Ndiyo sababu hata pampu ya bei kubwa namna gani haiwezi kuinua maji kwa njia hiyo zaidi ya mita kumi kinadharia, na kazini tunahesabu kama mita saba na nusu. Hewa ikipata tundu popote, umekwisha. Tuliwahi kusimama kandokando ya maji tele huku nyumba inaungua, pampu imegoma kushika. Tuliongeza mwendo wa injini, tukalaumu kifaa cha kutolea hewa, tukalaumu gari zima, "gari bovu hili, nilisema". Kosa lilikuwa gasketi moja iliyodondoka kwenye maungio ya mpira wa kuvutia. Kipande cha mpira cha duara, cha kushika kwa vidole viwili. Sikumbuki ni nani aliyepaswa kukagua asubuhi ile, ila nakumbuka sura ya mwenye nyumba. Tangu hapo kila zamu napitisha kidole ndani ya kila ungio. Gasketi iliyokauka na kupasuka unaihisi kwa kidole kabla hujaiona kwa jicho.

Jambo jingine ambalo gari hulaumiwa bure ni presha kupotea njiani. Maji yanasugua kuta za mpira, na ukizidisha maji mara mbili ndani ya mpira uleule, presha inayopotea huongezeka karibu mara nne. Mshika nozeli analia maji hayatoshi, mwendesha pampu anakanyaga injini, na aliye mbele bado analia. Dawa ni kutandika mpira mnene, wa milimita 65 au 70, mpaka karibu na moto, kisha kuweka kigawanyo na kutoa mipira myembamba mifupi hapo. Kaangalie pia kama mpira umepindwa chini ya tairi au mlangoni. Mara ngapi tumelaumu pampu, kumbe mlango umejifunga juu ya mpira!

Kuhusu mtungi wa hewa sitabishana na mtu. Mtungi wa lita 6.8 uliojazwa hadi baa 300 (baa ni kipimo cha presha) una takriban lita 2,040 za hewa, na kwa uhalisia hupungua kidogo. Kwa pumzi ya lita 40 kwa dakika, karatasi itakuambia una kama dakika 50. Karatasi haijapanda ngazi ghorofa tatu na mpira begani. Ukifanya kazi nzito unaweza kuvuta lita 80 na zaidi, na hizo dakika 50 zinakuwa 25. Filimbi ya tahadhari ya mitungi mingi ya aina hii hulia baa 50 hadi 60 zinapobaki. Piga hesabu mwenyewe: baa 55 mara lita 6.8 ni lita 374, na kwa pumzi ile nzito hazifiki dakika tano. Kama ulitembea dakika nane kuingia, filimbi haikuokoi. Anza kutoka kabla haijalia, iwe inakukuta mlangoni. Kila mtu ana pumzi yake, kwa hiyo kwenye mazoezi andika ulianza na baa ngapi, ulifanya nini, ulimaliza na ngapi. Baada ya mara tano au sita utaijua yako. Aliye na pumzi fupi asione aibu kuisema, maana wawili wanaoingia pamoja wanatoka kwa hewa ya yule anayemaliza mapema.

Kamera ya joto nayo ina wapenzi wengi, nami ni mmojawapo. Lakini inaona joto la juu ya kitu, haioni ndani yake, na kioo huirudishia taswira kama kioo cha kujitazamia. Niliwahi kumsikia mwenzangu akiita kwa redio kwamba ameona mtu chumbani, tukapeleka nguvu zote upande ule. Alikuwa amejiona mwenyewe kwenye mlango wa kabati la kioo. Aliyekuwa anatafutwa tulimpata chumba cha pili, akiwa hai, namshukuru Mungu. Ukiona umbo kwenye kamera, punga mkono. Likipunga nalo, endelea mbele. Na mkono mmoja ubaki ukutani au kwenye mpira wa maji, kwa sababu betri huisha.

Ubishi mkubwa siku hizi uko kwenye mikasi na mashine za haidroliki za kukatia magari: za betri au za mpira na injini? Za betri zinafika kwa majeruhi haraka, unazitoa kabatini na kuanza. Za injini zinafanya kazi muda mrefu bila kuwaza chaji, ila mipira yake hubeba mafuta kwa presha inayoweza kufika baa 700, na ule unaovuja usiushike kwa mkono hata ukiwa na glavu, maana mafuta hayo yanaweza kupenya ngozi. Mimi nikiulizwa nachagua za betri, mradi kituo kina betri za akiba na mtu mwenye jukumu la kuzichaji. Pasipo na mtu huyo nachagua za injini.

Ila chombo chochote utakachopewa, gari lililopata ajali huligusi kwa mkasi kabla ya kulituliza. Kabari na mbao chini kwanza, ndipo zima umeme wa betri, ndipo ondoa vifuniko vya ndani vya nguzo zinazoshika paa uone kilichojificha. Magari mengi yana mitungi midogo ya gesi ya mifuko ya hewa ndani ya nguzo na kwenye paa, na kuikata ni hatari kwako na kwa aliyebanwa. Waya nene za rangi ya machungwa kwenye magari ya umeme usiziguse wala usizikate. Na ukiona mkasi unaanza kujipinda kwenye chuma, achia, sogea, kata pengine. Nguzo za magari mapya zina chuma kigumu sana, na mkasi wa zamani unaweza kuvunjika makali. Hapo wakongwe watakuambia mkasi ni mbovu, kumbe umri wake na wa gari havilingani.

Mifuko ya kuinulia mizigo, ile bapa inayojazwa hewa, ina namba ya tani iliyoandikwa juu. Namba hiyo ni ya mfuko ukiwa bado bapa. Kadiri unavyovimba, sehemu inayogusa mzigo hupungua na nguvu yake hupungua pia. Inua kidogo, panga mbao. Inua kidogo, panga mbao. Mkono wako usiingie chini ya mzigo ulioshikwa na hewa peke yake.

Kifaa ambacho sijasikia mtu akikisema vibaya ni ule mtaimbo wenye panda, kabari na ncha kali, unaoitwa Halligan kwa jina la Hugh Halligan, mzimamoto wa New York aliyeubuni miaka ya 1940. Hauna betri, hauna mafuta. Ukiuoanisha na shoka lenye kisogo bapa, milango mingi itafunguka. Uzoee mpaka ujue kuuzungusha bila kuangalia.

Kuna jambo moja ambalo wakongwe wetu walikosea, na nalisema kwa heshima yao. Walitufundisha kwamba koti lenye masizi na kofia iliyoungua ni ushahidi wa ushujaa. Mwaka 2022 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka kazi ya zimamoto kwenye kundi la kwanza, yaani kazi inayosababisha saratani kwa binadamu. Masizi yale ni sumu, nasi tulikuwa tunakaa nayo ndani ya gari, tunayapeleka chumba cha kulala, tunayapeleka nyumbani kwa watoto. Nimewazika wenzangu wawili waliougua, na siwezi kusema kwa hakika kilichowaua, lakini sitaki kuendelea kubahatisha. Ukitoka motoni, osha koti kwa maji hapohapo ukiwa bado umevaa barakoa, vua, lifunge kwenye mfuko, oga mapema. Atakayekucheka mwache acheke. Na koti lililolowa kwa ndani usirudi nalo kwenye joto kali, maana unyevu ule hugeuka mvuke na kukubabua chini ya kitambaa kisicho na hata alama ya moto.

Siku moja mtaitwa kutoa maoni kuhusu gari jipya linalotaka kununuliwa. Usiende kuangalia rangi na ving'ora. Nenda umevaa kila kitu, buti, koti, kofia, mtungi mgongoni, glavu. Panda, shuka. Jaribu kufungua kila kabati kwa glavu hizo. Mwite aliye mfupi kuliko wote kwenye zamu avute mpira wa juu kabisa. Mwambie mwendesha pampu asome geji usiku, taa za nje zikiwa zimezimwa. Uliza gasketi za akiba zinakaa wapi.

Na kwa gari ulilonalo leo, fanya zoezi hili kabla ya zamu yako kwisha. Mwenzako akufunge kitambaa machoni, akutajie kifaa kimoja kimoja, wewe ukakilete. Usiku ule wa kwanza nilipofanyiwa mimi nilileta vitu tisa kati ya kumi. Nilichokikosa kilikuwa funguo ya haidranti. Kabati la tatu kushoto, chini, nyuma ya kigawanyo.