Kupuliza rangi ya kubanduka kwenye vani ya mizigo: angalia unene kwanza

Ndugu, umeuliza kama vani yako nyeupe ya mizigo, yenye paa la juu, inaweza kupulizwa nyumbani rangi ya kijivu iliyokolea ya aina ile inayobanduka, na kama kweli itatoka yote siku utakapotaka kuirudisha nyeupe. Nimeipuliza vani yangu ya kazi, nikaibandua, kisha nikaipuliza upya, na jibu langu ni ndiyo kwa maswali yote mawili, kwa sharti kwamba utando wa rangi uwe mnene. Wengi huhangaikia mng'ao na kukolea kwa rangi, ilhali kinachoamua kama itavuliwa kwa vipande vikubwa au itakwanguliwa kwa kucha ni unene wake.

Rangi hii ni mpira uliolainishwa kwa viyeyusho. Viyeyusho vikishapaa hewani, hubaki utando unaoshika bodi bila kuungana na rangi ya kiwandani, na utando huo ukiwa mwembamba hukatika mara tu unapouvuta.

Makopo ya kupuliza yanafaa kwa rimu, grili na vioo vya pembeni. Kwa vani nzima hayafai, kwa sababu ubavu ni mpana na nguvu ya kopo hushuka kabla hujaumaliza, hivyo mistari huonekana mwanga ukipiga kwa pembeni. Tafuta rangi ya galoni iliyokwisha kupunguzwa uzito, tayari kwa kupulizwa, pamoja na bunduki ya kupulizia yenye presha ndogo na hewa nyingi. Gari dogo la kawaida hutumia takriban galoni 4 za Marekani, yaani kama lita 15. Vani yako itataka zaidi ya hapo. Nunua yote kwa wakati mmoja, kisha uchanganye rangi ya galoni zote kabla ya kuanza, ili mlango usije ukatofautiana na ubavu.

Osha gari, ondoa nta na lami, futa kwa alkoholi ya isopropili, kisha puliza hewa kwenye mianya yote, maana tone la maji lililojificha chini ya mpira wa dirisha hutoka pale pale unapopita na bunduki. Gari la kazi lina mambo yake ambayo gari dogo halina. Stika za kampuni iliyolitumia zamani lazima zing'oke pamoja na gundi yake, kwani utando hufuata kila kilichoinuka na herufi zitasomeka chini ya rangi mpya. Sehemu iliyowahi kupakwa rangi upya baada ya ajali uijaribu kwanza kwa tepu yenye gundi kali: ikiondoka na rangi, basi na utando wako utaondoka nayo siku ya kubandua. Kutu itibiwe mapema, kwa sababu kuifunika hakuizuii kuendelea. Plastiki nyeusi yenye vinyweleo, kama ile ya bampa na ya chini ya milango, iache kama ilivyo, kwani mpira huingia ndani ya vinyweleo na kuutoa ni kazi ya siku nzima.

Vioo na taa havihitaji ufundi mwingi wa kufunika, kwa kuwa ukungu wa rangi unaotua juu yake hubanduka kirahisi. Kinachohitaji uangalifu ni reli ya mlango wa kusukuma. Ukiipuliza, magurudumu madogo ya mlango yatausukuma utando, yauviringe, na baada ya muda mlango utaanza kukwama. Kwa hiyo funika reli yote mpaka ndani.

Tabaka la kwanza liwe jepesi, kiasi kwamba weupe bado unaonekana karibu nusu, kwa kuwa ndilo linaloshika bodi. Yanayofuata yawe na majimaji ya kutosha kujilaza. Anza na paa, ukisimama juu ya ubao imara, kisha shuka ubavuni, kila mpito ukifunika nusu ya ule uliotangulia. Rangi ya kijivu juu ya nyeupe hudanganya: kufikia tabaka la tatu gari huonekana limekamilika. Usiishie hapo. Endelea mpaka matano au sita mazito, ukirudia kidogo kwenye mikunjo ya bati, kingo za milango na pembe, ambako majimaji hukimbia na kuacha utando mwembamba. Mara zote kubandua huanzia kwenye kingo hizo.

Tepu ya kufunikia hutolewa tabaka la mwisho likiwa bado bichi. Kwenye vani hapa ndipo penye ugumu, kwa sababu ukifika upande wa pili, wa kwanza umekwisha kukauka, na tepu iliyokauka huchana ukingo wote. Uwe na mwenzako anayekufuata nyuma akivuta tepu polepole.

Nakusihi sana kuhusu mvuke. Viyeyusho hivi hushika moto, na mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa sakafuni hadi kwenye jiko au cheche ya swichi. Fanya kazi penye hewa inayopita, na uvae barakoa yenye vichujio vya mvuke wa kemikali. Ile ya vumbi haisaidii kitu.

Usilioshe gari kwa siku kadhaa, na usilipeleke kwenye mashine yenye brashi. Petroli huyeyusha mpira huu, kwa hiyo funga kitambaa chini ya mdomo wa tangi kila unapojaza. Angalia pia kama kadi ya gari inataja rangi, kwani ikiitaja, badiliko hilo huenda likahitaji kuripotiwa.

Siku ya kubandua, chagua siku yenye joto, inua pembe moja na uvute taratibu ukilaza utando karibu na bodi. Ukikuta umezeeka na unakatika, usiukwangue: puliza matabaka mengine mazito juu yake, yaache yakauke kabisa, kisha uvute mapya na ya zamani kwa pamoja.