Ukija Mtwara, usiulize ukumbi uko wapi

Nilipohamia Mtwara kikazi, wiki ya kwanza nilimuuliza kila dereva wa bajaji aliyenibeba: huku watu wanaangalia sanaa wapi? Nilikuwa nimetoka Dar es Salaam, nimezoea jengo, mlango na tiketi. Wote walinishusha kwenye baa zenye spika kubwa. Nikakaa karibu mwaka mzima nikiamini mji huu hauna sanaa, na mwaka ule naujutia hadi leo, maana ngoma zilikuwa zinalia mtaa wa pili kutoka nilipolala.

Aliyenifumbua macho ni mama mwenye nyumba wangu. Jumamosi moja ya Juni nilimlalamikia kwamba kelele zimeninyima usingizi. "Mwanangu," akasema, "watu wanatoa wali, wewe umelala? Chukua kanga twende." Wali aliowataja si chakula, ni wingi wa mwali: vijana waliokuwa ndani wakifundwa jandoni au unyagoni.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kujua msimu. Burudani za huku zinafuata shamba na shule. Shughuli nyingi za jando na unyago huangukia likizo, Juni na Desemba, watoto wakiwa nyumbani. Oktoba minada ya korosho ikianza, pesa inaingia mifukoni, na wasanii wa bongofleva na singeli wanashuka kutoka Dar. Viwanja vinajaa hadi Masasi na Newala. Ukija Februari, mvua na jembe ndivyo vinavyotawala. Usije ukaondoka ukisema Kusini kumepoa.

Siku ile niliona jambo ambalo wageni wengi hulikosa. Ngoma zilipigwa kidogo, kisha wapigaji wakasimama, wakawasha majani makavu na kuzielekeza ngozi kwenye moto. Kijana mmoja mgeni kama mimi akadhani kumekwisha, akaondoka. Ngozi ikilegea, sauti inakufa. Ni lazima ikazwe kwa joto. Moto ulipozimika sindimba, ngoma ya Wamakonde, ndiyo ikaanza hasa, na akina mama watu wazima, wale wale ninaokutana nao sokoni wakiuza mihogo, walizungusha viuno kwa ustadi ambao sijawahi kuuona kwenye jukwaa lolote la Dar. Ukiona moto, ndugu yangu, tafuta pa kukaa.

Adabu zake si ngumu. Nenda na mwenyeji. Beba noti za elfu moja moja za kutunza, kwa sababu kumtunza mwali au mchezaji ndicho kiingilio chako. Simu ibaki mfukoni hadi uombe ruhusa, na yale ambayo makungwi wamewafundisha wali huko ndani usiyaulize kabisa. Likitokea lipiko, yaani mchezaji aliyevaa kinyago, usitaje jina la mtu aliye ndani. Mimi nilimtambua jirani yetu kwa nyayo zake, nikamtaja kwa sauti. Mama akanifinya mkono hadi nikanyamaza. Pale uwanjani jirani hakuwepo. Lilikuwepo lipiko tu, na nilikuwa nimewaharibia watu kitu walichokilinda tangu kwa mababu.

Hapo ndipo nilipoelewa habari niliyokuwa nimeisoma bila kuijali. Mwaka 1984 kinyago cha Kimakonde kiliibwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Kilikuja kuonekana katika makumbusho ya Barbier-Mueller huko Geneva, na kikarudishwa Tanzania mwaka 2010. Miaka 26! Kwa aliyemwona lipiko akicheza, huo si mti uliopotea.

Ukitaka kununua uchongaji, jua tofauti. Kinyago cha kuvaa huchongwa kwa mti mwepesi, kwani mtu atakicheza kichwani. Mpingo ni wa sanamu: za ujamaa, watu wamepandana kama ukoo mmoja, na za mashetani. Mpingo halisi ni mzito kiasi kwamba ukiutia majini unazama. Kinyago cheusi kikiwa chepesi mkononi, kisugue kwa kitambaa chenye maji uone kama ni kiwi ya viatu. Bei patana, lakini usimkamue mchongaji. Kazi ya wiki nzima hailipwi kwa bei ya sahani mbili za wali kuku.

Asiye na mwenyeji aulizie tamasha la MaKuYa, jina lililoundwa kwa Makonde, Makua na Yao, ambalo limekuwa likizikutanisha ngoma za makabila hayo hapa Mtwara. Huko mgeni haogopi kukosea. Na jioni moja nenda Mikindani, kilomita kama 10 tu, ukaone milango ya kuchongwa na Boma walilojenga Wajerumani mwaka 1895, ambalo sasa ni hoteli. Panafaa kutembea, ila ngoma hutaikuta kwa kupanga.

Ngoma unaitafuta kwa sikio. Usiku zima feni, fungua dirisha, sikiliza inalia upande gani. Asubuhi elekea upande huo, kaa kwa mama lishe wa kwanza utakayemkuta, agiza chai na chapati, kisha muulize: "Shikamoo mama. Jana ilikuwa shughuli ya nani, na wali wanatoka lini?"