Wasikilizaji wa podikasti ya gemu wako kimya? Badili swali

Mkuu, unasema kila kipindi unauliza "mnaionaje EA FC mpya?", ile gemu ya mpira, na hakuna anayejibu. Swali hilo ni pana mno. Uliza kitu kidogo chenye ubishi: anayeongoza bao moja halafu anarudisha pasi kwa kipa dakika za mwisho, ni fundi au mwoga? Hapo hata asiyeshika padi atakuwa na la kusema.

Pokea majibu kwa sauti za WhatsApp, sekunde 30 zinatosha, uzirushe bila kuzisafisha sana. Kelele za kibanda cha gemu nyuma ndiyo raha yenyewe. Ukimpinga mtu, pinga hoja yake.

Barua pepe nazo usizidharau. Giant Bombcast, podikasti ya tovuti ya gemu ya Marekani iitwayo Giant Bomb, iliyoanza 2008, ilizipa barua za wasikilizaji sehemu yake kwenye kipindi, na Jeff Gerstmann, mmoja wa waanzilishi wa Giant Bomb, alipoondoka huko 2022 akaanza podikasti yake, wengi walimfuata wakamchangia kupitia Patreon, jukwaa la mashabiki kuchangia kazi za watu mtandaoni.

Ila kwa gemu za hadithi, onya kabla hujafichua mwisho. La sivyo utapata ujumbe mwingi, wote matusi.