Siku 12 za dawa ya sonona bila nafuu: niache?

SWALI: Kamwene, mfamasia. Nina miaka 31, nafanya kazi ya kupasua mbao hapa Mafinga. Kliniki moja Iringa walinikuta na sonona, wakanipa fluoksetini ya miligramu 20, kapsuli moja kwa siku. Leo ni siku ya 12. Usingizi umekata, kila asubuhi kichefuchefu, na huzuni iko palepale. Mgongo ukiuma huwa nameza tramado ninayouziwa mtaani. Mama mdogo kanipa amitriptilini zake, anasema zitanilaza. Jirani ananiambia dawa hizi ukishazizoea huzitoki. Niache?

JIBU: Kamwene, mdogo wangu. Umefanya vema kutaja kila unachomeza, maana wengi hutuficha. Fluoksetini usiiache. Tramado iweke kando. Na zile za mama mdogo, usimeze hata kidonge kimoja.

Fluoksetini huwakatisha watu tamaa kwa sababu maudhi yake hutangulia na nafuu hufuata nyuma. Kichefuchefu, kichwa kuuma, usingizi kupaa na mwili kutotulia huanza siku za mwanzoni, na kwa wengi hupungua baada ya wiki 2 hivi. Sonona yenyewe huanza kulegea kati ya wiki ya 2 na ya 4, wengine hadi ya 6. Wewe uko pale pagumu kabisa, na ndipo wengi wanapoitupa dawa. Imeze asubuhi baada ya uji, si usiku. Ukisahau hadi kesho yake, meza ya siku hiyo tu, usifidie kwa mbili.

Jirani yako amechanganya mambo. Dawa hii haikupi kiu ya kutaka zaidi na zaidi kama pombe. Ila mwili huizoea, na ukiikata ghafla unaweza kupata kizunguzungu, hasira za karibu na ndoto za ajabu. Kwa hiyo daktari huipunguza polepole, tena baada ya kupona na kuendelea nayo angalau miezi 6, mara nyingi 9 au zaidi.

Sasa tramado, ambayo ndiyo inayonitia hofu. Hiyo na fluoksetini zote hupandisha serotonini, kemikali ya ubongo. Ikizidi, mtu hutoka jasho, hutetemeka, moyo humwenda mbio, joto hupanda na akili huchanganyikiwa. Nyumbani wanaweza kudhani ni malaria. Degedege nayo inaweza kuja. Kuna mtego mwingine: fluoksetini huzuia ini kuigeuza tramado kuwa kile hasa kinachotuliza maumivu. Mgongo hautulii, unaongeza kidonge, na hatari inaongezeka. Tena hata ukiacha fluoksetini leo, hukaa mwilini kwa wiki kadhaa, kwa hiyo usiseme utaziachanisha siku mbili tatu. Kama tramado umekuwa ukiimeza kila siku kwa muda mrefu, usiikate peke yako. Nenda kwa daktari haraka mpange namna ya kuiacha.

Kwa mgongo tumia parasetamoli: vidonge 2 vya miligramu 500, visizidi 8 kwa saa 24, kama ini lako ni zima na hunywi pombe sana. Diklofenaki na ibuprofeni zikikutana na fluoksetini huongeza uwezekano wa tumbo kutoka damu, basi usijinunulie. Ukiona choo cheusi kama lami, nenda hospitali.

Amitriptilini nayo ni dawa ya sonona, ingawa wengi huijua kama ya kulalia. Fluoksetini hulifanya ini lichelewe kuiondoa, ikajaa kwenye damu na kuvuruga mapigo ya moyo. Kidonge kilichomfaa mama mdogo kinaweza kukuangusha wewe. Mwambie kwa upole, najua ametoa kwa upendo.

Msimu wa ulanzi, pita mbali nao: pombe huirudisha sonona na kuongeza usingizi. Na siku unayohisi kizunguzungu, mwombe msimamizi akupe kazi nyingine, usishike msumeno.

Sasa hili lisome pamoja na mtu unayeishi naye. Wiki za mwanzo, hasa kwa walio chini ya miaka 25 lakini hata kwako, mawazo ya kujiua yanaweza kuja au kuzidi. Mengine ni kuchangamka kupita kiasi, kusema bila kituo, kutolala na bado usichoke. Likitokea lolote kati ya hayo, nenda hospitali iliyo karibu siku hiyohiyo, usisubiri tarehe ya kliniki wala nauli ya Iringa. Ukiwa na mawazo ya kujiua, huyo unayeishi naye asikuache peke yako, na dawa zote azitunze yeye.

Usipopata nafuu hadi wiki ya 6, daktari anaweza kubadili kiasi au dawa. Siku hiyo beba pakiti zote, na ile tramado umtajie.