Miwani ya Mama na Karani wa Posta

Dada yangu wa Muscat aliwahi kumtumia mama miwani. Juu ya kifurushi aliandika jina langu na la baba, na chini yake "Wete, Pemba". Basi. Hakuna sanduku la posta, hakuna simu. Na Wete hii, ukiita "Khamis!" sokoni hawageuki wawili tu.

Karani wa dirishani angeweza kukirudisha kilikotoka. Badala yake, kila aliyekuja kufungua sanduku lake alimuuliza kama anamjua Khamis mwenye dada Muscat. Siku ya tatu mwalimu mmoja wa skuli akasema, "Huyo jirani yangu."

Nilipofika karani aliangalia kitambulisho changu, akalinganisha majina herufi kwa herufi, akanipa daftari nitie saini. Kidole gumba chake kilikuwa kimeingia wino wa muhuri mpaka kwenye kucha. Nikasema ahsante moja ya haraka nikaondoka. Hiyo ahsante inaniuma mpaka leo, ilikuwa ndogo mno.

Kwa hiyo nakuombeni ndugu zangu, tuwapunguzie makarani kazi. Andika majina yako matatu, usifupishe. Kwetu barua nyingi huishia kwenye sanduku, si mlangoni, kwa hiyo S.L.P. ndiyo nyumba yako. Ukiazima sanduku la skuli au la kazini, taja na jina la skuli au ofisi hiyo, kisha nambari ya simu. Postikodi, yaani nambari ya eneo lako, nayo usiiache. Za Zanzibar zote zinaanza na 7. Halafu pita posta mara kwa mara. Barua ikilala wiki sita sandukuni, usimlaumu karani.

Tarehe 9 Oktoba ni Siku ya Posta Duniani, kumbukumbu ya umoja wa posta ulioundwa Bern mwaka 1874. Kwa sababu ya umoja huo, stempu iliyolipiwa Muscat inatambulika Wete. Lakini usisubiri Oktoba kusema ahsante. Sema leo, na umuulize jina lake.

Mimi sasa huingia hata nikiwa sina barua, nikamsalimia. Mama naye, kila akivaa ile miwani kusoma msahafu, huniuliza kwanza: "Yule kijana wa posta hajambo?"